Yaya, Kaseti Yenu Inakuwa Santuri

Yaya Kizito, kaka yangu mkubwa,

Ile kaseti yenu ya kwanza, ambayo Papa wetu aliiita makelele ya vijana wasio na kazi, inatimiza miaka ishirini na mitano. Kuna watu huko Ulaya wanataka kuitoa upya kwa santuri. Wanasema mlikuwa mnapiga roki. Nilicheka peke yangu hadi machozi yakanitoka.

Nakumbuka mlivyoirekodi. Vita vilikuwa vimetukatia umeme, na jenereta pekee mtaani ilikuwa ya mashine ya kusaga. Mwenye mashine aliwapa nusu saa ya adhuhuri humo ndani. Ulinishikisha maikrofoni, ukasema mkono wangu hautetemeki. Kumbe ulitaka tu ninyamaze, maana nilikuwa nalilia kuimba. Mlitoka mle wote wanne mmejaa unga hadi kwenye kope. Na katika wimbo wa tatu anasikika wazi mama mmoja aliyekuwa akingoja na beseni lake la mihogo ya kusagia ugali: "Mumalize basi, watoto wanangoja bukari!" Wenzako walitaka kumfuta. Wewe ukakataa. "Huyu njo anaimba vizuri kutushinda," ulisema.

Mwezi uliofuata ulipanda boti kwenda Kigoma kuuza kaseti. Boti haikufika. Hatukuletewa mwili, wala shati, wala neno. Kwa hiyo Mama alikataa kilio. Majirani waliokuja kutupa pole aliwapa chai, akawarudisha kwao. "Mwanangu iko safarini," aliwaambia. Tangu siku ile hakuna mtu nyumbani aliyethubutu kukuita marehemu. Hata Papa alikufa bila kulitamka neno hilo.

Sasa watu wa santuri wameleta karatasi. Usaini wewe, au asaini mrithi wako, na mrithi lazima awe na cheti cha kifo chako. Niliificha chini ya godoro wiki tatu. Nilikukasirikia, yaya, nisikufiche. Nikiitupa, nyimbo zenu zinapotea. Nikiipeleka biro, kwenye ofisi wanakoandika vifo, nakuua mbele ya Mama.

Juzi nilishindwa, nikamweleza. Hakulia. Alisema anataka kusikia kwanza. Nikamwekea kaseti yangu asubuhi, akiwa anachambua maharagwe, na mikono yake ikasimama hadi upande wa kwanza ukaisha.

"Hapa alikuwa na miaka mingapi?"

"Kumi na tisa, Mama."

"Mutoto kabisa," akasema.

Ndipo nikaelewa. Miaka yote hii amekuwa akikuzeesha kichwani mwake. Wakati mwingine huniambia kwamba sasa lazima una mvi kama za Papa, na kwamba wanao watakuwa wamemaliza shule. Halafu akaisikia sauti yako, na ilikuwa ya kijana yule yule aliyeondoka. Mimi pia iliniumiza. Nimekuzidi umri, yaya, na bado nakuamkia.

Jana tulikwenda biro pamoja. Mama ndiye mrithi, na hajui kuandika, basi akaweka dole gumba. Alilibonyeza kwa nguvu hadi karani akamwambia inatosha. Jumamosi tunakaa kilio chako.

Njiani tukirudi nilimwambia kwamba nitakuandikia. Akanishika mkono.

"Umwambie asinikasirikie," akasema. "Nilimungoja mpaka nikachoka."

Basi nimekwambia. Pumzika, yaya.

Mdogo wako