Nililipokea Jembe la Jamaika kwa Mikono Miwili

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada, ingawa mimi si mtu wa kuomba msaada, uliza Murungu yote hapa Kibondo watakwambia, Ildefonsi mzigo hujitwisha mwenyewe. Hata barua hii naiandika kwa mkono wangu, sikuandikiwa na mtu, kisomo nilikianza meno yakiwa yamebaki machache na sasa gazeti lako nalisoma mpaka tangazo la mwisho.

Jambo lenyewe lilianza Jamaika. Ndiyo, Jamaika, kisiwa kilicho ng'ambo ya bahari ya pili, nimekikanyaga kwa miguu yangu hii mwaka jana, na tangu Murungu iwe Murungu hakuna mwingine aliyefika. Binti yangu Epifania alipelekwa na serikali kusomea kilimo huko, akawapita wenzake wote, na zawadi ya wa kwanza ikawa kuletewa mzazi mmoja amwone akipewa cheti. Mama yake tulishamzika, kwa hiyo mzazi ni mimi. Nilikaa mstari wa mbele na koti langu na jina lake liliposomwa nilisimama peke yangu nikapiga makofi mpaka wakanisubiri nimalize.

Baada ya sherehe tukapewa siku tano za kupumzika kwenye hoteli ya ufukweni. Mshauri, pale Wazungu wamelala juani toka asubuhi kama makopa ya muhogo, wanajigeuza upande huu wakikauka wanajigeuza upande wa pili, na ukikaa tu unaletewa maji ya matunda yenye kimwavuli cha karatasi ndani. Siku ya kwanza nikavumilia. Siku ya pili nikamwuliza Epifania, chakula tunachokula hapa nani anakilima. Akasema wakulima wako milimani, baba, ni mbali. Nikamwambia unataka nirudi kwetu niseme nimeona mchanga, mchanga si hata Ziwa Tanganyika upo? Akacheka, akafunga mkoba wake.

Tukapanda basi mpaka barabara ikaisha, tukaingia njia ya miguu, mimi mbele yeye nyuma, msomi anahema. Kadiri tulivyopanda ndivyo nilivyoona nyumbani, ukungu ule ule, migomba ile ile, kahawa mteremkoni, na viazi vikuu vimepandishwa juu ya miti mirefu kuliko mtu. Tukamkuta mzee wa rika langu analima, jina lake Nataniel. Nikamwamkia kwa desturi yetu, nikainama nikapiga makofi taratibu, nikasema mwakeye. Akanitazama, akaweka chini jembe lake, na yeye akapiga makofi. Epifania alikuwa mkalimani lakini nusu ya maneno hatukumhitaji.

Tulilala kwake siku tatu. Nilikula tunda lao kubwa kama fenesi, linachomwa motoni linakuwa mkate. Nikaona mvua inambebea udongo, nikamchimbia mfereji wa kukinga maji kukata mteremko kama tufanyavyo sisi, akaupima kwa hatua, akasema kesho anachimba wa pili. Mama yake mzazi alikuwa hai bado, macho hayaoni, akanipapasa uso wote, akauliza kama kwetu kuna habari za watu waliochukuliwa wasirudi. Nikasema zipo, babu yangu alizisimulia, sijui kama ni wale. Akasema, "Basi waambie tulifika." Maneno hayo nimeyasema Murungu, nimeyasema Kasulu sokoni, na nitayasema mpaka nife.

Sasa sikiliza shida. Siku ya kuondoka mzee Nataniel alitoa ndani jembe jipya, akaling'oa mpini, akanipa lile jembe tupu mbele ya Epifania, na kando yake amesimama kijana mrefu, Viktor, ambaye siku zote tatu nilimwona pale nyumbani akimsaidia kazi. Wewe unajua au hujui, kwetu Buha mzee mwenye kijana akimpa mzee mwenye binti jembe jipya lisilo na mpini, binti mwenyewe anaona, na mzee akalipokea kwa mikono miwili, maneno ya posa yameanza. Nililipokea kwa mikono miwili. Nikajisemea, Ildefonsi, umevuka bahari mbili na umepata wakwe.

Kufika nyumbani nikakamua pombe ya ndizi, nikawaita watu, nikatangaza kwamba binti yangu ana jembe la Jamaika. Epifania hakuwepo, alikuwa amekwenda kuripoti kazini Kasulu. Wiki haikuisha akaja mzee Havyarimana wa Kitanga, baba yake mwalimu Evaristi, yule yule anayetufundisha kisomo hapa, ameleta jembe lake na mtungi wake, kumbe kijana na binti waliandikiana barua miaka yote miwili ya masomo ya Jamaika. Nikamjibu mbele ya watu, mzee mwenzangu, nyumba hii ina jembe tayari, na ni la mbali kuliko lako. Akalifunga jembe lake kwenye kitambaa, akaondoka, mtungi akauacha haujaguswa.

Epifania aliporudi hakulia. Aliniwekea chakula, akanisubiri ninawe, akasema, "Baba, mzee Nataniel ana mabinti watupu. Viktor ni mume wa mmoja wao."

Sasa mwezi wa pili huu. Nasikia Havyarimana akishavuna maharage atalipeleka jembe lake kwenye nyumba nyingine Gwarama, na Evaristi hawezi kumpinga baba yake. Murungu nzima inajua kauli yangu. Mimi nikitamka kitu sikirudishi, ndivyo nilivyo na ndivyo ninavyoheshimiwa. Nitafutie maneno ya kumrudisha Havyarimana ambayo hayataniangusha mimi.

Ni mimi Ildefonsi, baba wa Epifania, Murungu, Kibondo.

JIBU

Mzee Ildefonsi, shikamoo. Nimeipokea heshima ya safari yako, na nimeisoma barua yako mara mbili kwa sababu mara ya kwanza nilisahau kazi yangu nikabaki huko milimani pamoja nanyi. Binti amekuwa wa kwanza nchi ya watu, nawe ukakataa kimwavuli ukaenda kuwatafuta wanaolima. Jivunie, hakuna wa kukuzuia.

Lakini sasa nitakugombeza, na unisamehe umri wangu. Ulikuwa na mkalimani kando yako, damu yako mwenyewe, na hukumwuliza neno moja, "Mwanangu, jembe hili ni la nini?" Mzee Nataniel aling'oa mpini ili jembe liingie mkobani, baba. Mpini hauingii kwenye ndege. Alikupa zana ya kazi kwa sababu ulimchimbia mfereji, mkulima kwa mkulima, na hiyo ni heshima tosha, haikuhitaji kuongezwa mkwe juu yake. Posa haina desturi ya kukaa kimya. Huko nani alimtaja Epifania? Hakuna.

Kisha ukamtangaza mtu mzima kwa pombe ya ndizi akiwa hayupo kijijini. Na ukamfukuza baba wa mwalimu aliyekushikisha kalamu hiyo uliyoniandikia.

Unaniomba maneno yasiyokuangusha. Sina. Umeshaanguka, mzee wangu, ila kijiji kinakuonea haya kukwambia. Kilichobaki ni kuinuka kabla maharage hayajaiva.

Kwanza zungumza na Epifania, leo, na uulize badala ya kueleza. Kama bado anamtaka Evaristi, endelea na haya. Kama amebadilika, ishia hapo umwachie maisha yake.

Kesho mchana chonga mpini, lipachike jembe la Jamaika, ukalime nalo shamba la kando ya njia watu wakikuona. Jembe lililokwisha kugusa udongo si posa tena, unalijua hilo kuliko mimi. Atakayeuliza mwambie ulilielewa vibaya. Watacheka siku mbili. Siku ya tatu watakuja kuliazima.

Halafu nenda Kitanga mwenyewe. Usitume mshenga, usitume shemeji, usimtume Evaristi abebe aibu yako kwa baba yake. Ulimkatalia mbele ya watu, kwa hiyo chukua wazee wawili wa Murungu waliokuwepo siku ile wasikie na hili. Usiniambie Kitanga ni mbali, wewe. Beba mtungi wako uliojaa, maana wa kwake ulichachia kwako bila kuguswa, na hilo ni baya.

Ukikaribishwa, sema, "Nilikosea, mzee mwenzangu. Nyumba yangu haina jembe la posa." Usiseme bahari mbili, usiseme koti, usiseme mstari wa mbele. Ukimaliza maneno hayo, nyamaza. Atakayesema neno linalofuata ni Havyarimana.