Kimo cha Mama

Mama yangu mpendwa,

Kiiraqw chetu sikufundishwa kukiandika, kwa hiyo pokea salamu zangu kwa Kiswahili cha shule. Goti linaendeleaje? Na mahindi ya shamba la juu, yamepona ule ukungu? Mimi ni mzima wa mwili. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu tunaulizana habari za watu na ng'ombe mpaka mtandao unakatika, na lililo moyoni linabaki pale pale.

Huku Kanada theluji imeanza. Najua unawatangazia watu wa kijijini kwetu Daa kwamba binti yako ni seremala wa Ulaya, lakini randa sijaishika tangu nifike. Nakaa mbele ya kompyuta, nachora makabati ya jikoni, hasa yale ya chini yanayobeba kaunta na sinki. Mteja anatuma vipimo, naviingiza kwenye programu, mashine inakata mbao. Majiko yenyewe siyaoni, wala wanaopikia humo. Tuko watano chumbani na kila mmoja kaziba masikio kwa muziki wake. Kuna siku naisikia sauti yangu kwa mara ya kwanza saa kumi jioni, nikimuaga mlinzi.

Sasa usinicheke. Ndani ya ile programu kuna mtu, umbo tu la kijivu lisilo na uso. Unalisimamisha jikoni uone kama kaunta inalifaa. Nilipochora jiko lako mwaka jana nililipaka njano ya kanga yako, nikaliita Mama. Wenzangu wakiondoka nilibaki nalo kidogo, nikilihamisha kutoka kwenye sinki hadi kwenye gesi na kulirudisha. Nilikuwa mpweke, Mama, na ilinifurahisha kukuona umenyooka, huinami tena kwenye mafiga. Kisha nikamtumia kaka Daniel ile michoro, naye akatengeneza kila kitu kwenye karakana yake pale Karatu bila kukosea hata milimita. Ulinipigia ukanibariki mpaka salio likaisha.

Jumapili iliyopita Daniel aliponipigia simu ya video, nilikuona nyuma yake kwenye jiko la nje, umeinama, moshi umekujaa usoni. Nikauliza kama gesi imekwisha. Daniel hajui kuficha, unamfahamu.

"Mama hafiki kule juu," akasema. "Akisonga ugali, kiwiko kinapita bega."

Ulimchapa kwa kitambaa. "Mwache mtoto. Kabati ni zuri, naweka vyombo vya wageni."

Akaingia ndani kunionyesha. Juu ya kaunta niliona vitambaa vyako vya kufuma, redio, na picha ya marehemu Baba, na hapakuwa na tone la mafuta popote. Chini kulikuwa na kigoda. Daniel akasema ulijaribu kupanda juu yake ili usonge ugali, ukateleza. Kwa goti lile, Mama, na mwaka mzima hukuniambia neno. Nilikasirika nawe kidogo, kisha nikalia sana.

Kesho yake nikafungua mchoro na kosa nikaliona mara moja. Yule mtu nilimbadilisha rangi tu, kimo nikakiacha kama alivyokuja nacho. Nilikuwa nimemjengea jiko mwanamke mrefu ambaye hayupo. Nikataka kumshusha awe wewe, nikabofya kisanduku cha kuandikia urefu, nikakosa namba ya kuandika. Mimi uliyenibeba mgongoni hadi kliniki, sijui mama yangu ana kimo gani. Ninachokumbuka ni kwamba siku ya kuondoka, pale stendi, kidevu changu kilikaa juu ya kilemba chako. Daniel anasema tangu hapo umepungua.

Unakumbuka ulivyokuwa ukitupimia sare za shule? Fundi cherehani alikuwa mjini, nauli ya watoto watatu haikuwapo, basi unakata uzi na kufunga mafundo, la bega, la kiuno, la goti, unampa shangazi akienda mnadani huko mjini. Yule fundi hakuwahi kutuona, na sare zilitukaa. Mimi na kompyuta yangu tumeshindwa kukupima.

Nisalimie shangazi wa Mang'ola, mwambie vitunguu vya huku havitoi machozi kama vyake. Msalimie wifi yangu, mke wa Daniel, na mama jirani anayekuja kuomba moto kila asubuhi hata kama ana kiberiti. Daniel mwambie asiguse kitu; nitachora upya na sehemu ya gesi itashuka.

Ila nina ombi. Usimruhusu akupime kwa futi kisha anitumie namba kwa simu. Kata uzi. Simama bila viatu, ukanyage ncha moja, ufunge fundo penye kiwiko. Hilo ni la jiko. Halafu uvute uzi hadi utosini, ufunge fundo la pili, uutie kwenye bahasha. Hilo la pili kabati halilihitaji. Nitaukanyaga huo uzi hapa chumbani kwangu, niuvute, nione kama bado unanifika kidevuni.

Ni mimi binti yako,
Paskalina