Mmoja wa Harusi, Mmoja wa Supu

Saemgol, mwezi wa mwisho wa baridi

Kwa Dada yangu mpendwa Okbun,

Salamu nyingi zikufikie hapo Busan kwenye kiwanda chenu cha tambi, wewe na wenzako wote wenye unga nyweleni. U hali gani? Kile kikohozi kimekuacha? Sisi huku wazima, isipokuwa Mama ni mgonjwa. Baba amesema niandike hivyo: Mama ni mgonjwa sana, njoo nyumbani kabla ya Mwaka Mpya. Haya, nimeandika. Amekaa hapa mbele yangu kwenye sakafu iliyopashwa moto kwa chini, anavuta kiko, anangoja nimalize agonge muhuri. Baba hasomi, unajua. Msomi wa nyumba hii ni mimi niliyefukuzwa darasa la nne kwa kumcheka mwalimu, na kijiji kizima hayupo anayeandika haraka kama mimi. Waulize.

Bibi anakusalimu. Masikio yamezidi kuwa mazito lakini ulimi bado mkali, na juzi ameniambia nina kichwa kizuri cha kukaushia pilipili.

Dada, nimechoka na watu wa hapa. Nikisema, naambiwa nyamaza. Nikinyamaza, naambiwa kwa nini umenuna. Basi nakuambia wewe.

Unamkumbuka Bwana Pyo, yule mwindaji wa kule ng'ambo ya mto, aliyefiwa na mkewe? Mwenye bunduki na koti la ngozi, anayecheka kabla hajamaliza kusema? Anataka kuoa. Mwanamke gani, usiharakishe, nitafika huko. Amejitapa kwenye kilabu cha pombe kwamba siku ya harusi yeye hatapeleka bata bukini wa kuchonga kwa mti kwa mama mkwe kama makabwela. Atapeleka bukini mzima mwenye damu, kama mabwana wa zamani. Akatega wavu kwenye mashamba ya mpunga, akapata dume, akamvunja bawa ili asiruke, akamleta kwetu. Eti akimweka kwake mbwa wake watamla. Baba akampokea kama anampokea mjumbe wa mfalme, na mimi nikapewa kazi ya kumlisha. Nikamfunika kwa tenga uani.

Asubuhi yake jike akaja. Alizunguka juu ya paa akiita, na yule wa ndani ya tenga akamjibu, mpaka jirani akatoka kuuliza kama tumefungua mahakama. Siku iliyofuata akatua kwenye ukuta. Kisha akashuka chini kabisa, Dada, ndege wa mwituni, katikati ya kuku wetu. Akawa analala ubavu kwa ubavu na tenga, yeye nje, mwenzake ndani, shingo ameipenyeza kwenye tundu. Nilimwagia shayiri, akala karibu na mguu wangu. Nani mwingine hapa amewahi kulisha bukini wa mwituni mkononi? Hakuna.

Bwana Pyo akaja kumtazama ndege wake. Alikaa kizingitini, Baba anammiminia pombe ya mchele. Akamwona jike. Nikamwambia, Mjomba, huyu hana kosa, kamfuata mumewe tu. Akanicheka, akaniuliza kama nataka kumwoa mimi. Hata hakusimama. Aliweka bakuli chini, akachukua bunduki, akapiga, akaliinua bakuli tena kabla pombe haijatulia. Jike alikuwa bado ameegemea tenga. Bwana Pyo akasema, mmoja wa harusi, mmoja wa supu. Na Baba akacheka, Dada. Nilimwona kwa macho yangu.

Supu ikapikwa humu humu. Unanijua mimi na nyama, lakini bakuli langu nilimpa mbwa. Bibi alilisukuma la kwake, akamwambia Baba kwamba mwanamume hubeba bukini siku ya harusi kwa sababu bukini ana mmoja tu, akimpoteza hatafuti mwingine. Sasa huyu Pyo anapeleka bukini mjane, tena mke kamuua yeye mwenyewe. Hiyo ni harusi au matanga? Baba akamjibu mama yake, bukini ni bukini, hana cheti cha ndoa. Bibi akamwambia na yeye kichwa chake ni cha kukaushia pilipili. Hapo nilicheka, lakini ndani nilikuwa nawaka.

Manyoya Mama aliyaweka kwenye kapu ajazie mto. Nilipomfungulia yule dume anyooshe miguu, akaenda moja kwa moja kwenye kapu, akalipindua, akayakusanya kwa mdomo na kuyalalia. Mama alipotaka kuyachukua akamng'ata. Baba akaja na fagio, naye akang'atwa, tena mahali ambapo siwezi kupaandika kwenye barua ya heshima. Tangu siku hiyo akagoma kula. Nikambembeleza kwa shayiri, kwa wali, kwa tambi zako zile ulizotuletea. Wapi. Makundi yalipita juu yakielekea mtoni yakipiga kelele, hakuinua hata kichwa.

Nikaenda kwa Bwana Pyo kumwomba amwachilie. Akasema nimwambie ndege avumilie, harusi iko karibu. Nikamwambia Mama, akaniambia, Mansik, hilo domo lako litatuharibia. Kuharibia nini? Nikaamua mwenyewe. Nilimbeba kifuani mpaka mtoni, nikamweka kwenye matete walipo wenzake, nikaondoka bila kugeuka kama shujaa. Nimefika nyumbani, nimevua viatu, namwona huyo, anaingia langoni kwa miguu, anaburuta bawa, amejaa tope. Akapita mbele yangu kama hanijui, akaenda pale penye doa la damu, akakaa. Nilimtukana, Dada. Nilimwita mjinga. Kisha nikakaa naye.

Juzi amekufa, kichwa kakifukia kwenye manyoya. Nilimzika pale kwenye matete pamoja na manyoya niliyoweza kumwibia Mama. Bwana Pyo kakasirika kidogo, halafu akasema basi, atachongesha wa mti. Harusi iko palepale.

Baba ananiuliza kwa nini Mama ni mgonjwa kurasa mbili. Nimemwambia ugonjwa wa mtu mzima unahitaji maneno ya adabu.

Sikiliza. Mama si mgonjwa. Muda huu yuko uani anatwanga mchele wa mikate, nasikia mchi. Na mto anaoushona ni ule mrefu, wa vichwa viwili. Huyo mwanamke ni wewe. Baba ameshakubali. Ukishuka kwenye basi kuja kumuuguza Mama, utakuta mkeka umetandikwa, na bukini wa mti, na Bwana Pyo.

Nilipokuja Busan nilikuona unaweka kijiko cha Shemeji Giljun mezani kila unapokula, na vita vilivyomuua mumeo viliisha zamani. Nilikutania kwamba marehemu anakula kidogo, mnafaana. Sikuambii ukae na kijiko maisha yako yote. Ukitaka mume, chukua hata kesho, nitakula tambi za harusi yako mabakuli matatu na kuomba la nne. Lakini mchague wewe. Na huyu aliyepiga risasi bila kusimama, mimi simwiti shemeji.

Usije. Au kama utakuja, njoo ukijua.

Bibi amekutumia pilipili kavu, anasema zimekaukia kichwani kwangu. Wasalimie wenzako, hasa yule mfupi anayecheka. Mwambie nimerefuka.

Ni mimi mdogo wako mwenye mwandiko mzuri,
Mansik

Wino mwekundu unaouona hapa chini ni muhuri wa Baba. Ameugonga sasa hivi kwa mkono wake mwenyewe, akauliza kama yale ya Mama nimeyaandika yote. Nimemwambia yote, Baba, hakuna nililoacha.