Kibao cha Watu wa Kale Kilichochomwa Nyuma ya Nyumba Yetu

Jumanne, 4 Juni

Leo Piramidi amechekwa tena. Darasa zima. Na mimi nilicheka—mdomo umefungwa, mabega ndiyo yanacheka—halafu nikajisikia vibaya mpaka kengele ya kutoka.

Piramidi ni mwalimu wetu wa historia. Jina tulimpa sisi, na nadhani analijua, na nadhani analipenda. Aanze na somo lolote lile, dakika kumi baadaye yuko kwenye mji uliozama baharini. Anasema zamani kulikuwa na watu waliojua mambo ambayo sisi na kompyuta zetu bado tunayaota. Walinyanyua mawe mazito kama basi, kwa sauti tu! Walihesabu nyota mpaka zisizoonekana. Halafu wakatoweka na elimu yao yote, kama moshi.

Leo alikuja na vigae vitatu vya udongo. Mafundi wanaochimba shimo la choo kipya nyuma ya maktaba wamevitoa ardhini, na yeye amevifunga kwenye leso yake kama mayai. Akasema kwa sauti ya chini kabisa: hapa mlipokaa palikuwa na watu.

Redio, jirani yangu wa dawati (hazimiki, hata betri hazimwishi), akadakia: "Ndiyo mwalimu, na walikuwa na choo!"

Watu walicheka mpaka wakapiga madawati. Piramidi akaikunja ile leso. Polepole. Pembe moja, pembe ya pili. Ile leso ndiyo imeniuma.

Maana yeye ndiye mwalimu pekee asiyenisimamisha nisome kwa sauti. Wengine wanajua nina aibu, kwa hiyo wananisimamisha "nizoee". Sizoei, ndiyo maana darasani naitwa Kimya. Kwa Kiswahili nina aibu. Kwa Kiingereza nina aibu mara mbili, na makosa juu yake.

Nimepata wazo. Baya. Lakini tamu!


Alhamisi, 6 Juni

Sisi kwetu ni watu wa matofali. Baba anafyatua na kuchoma, uwanja uko nyuma ya nyumba, na tanuri liko hatua thelathini kutoka dirisha langu. Nimekanda udongo kabla sijajua kushika penseli.

Leo baada ya shule nilichukua bonge moja, nikalikanda mpaka likawa laini kama sikio, nikalibapa liwe kibao cha ukubwa wa daftari. Halafu nikachora juu yake maandishi ya watu wa kale.

Shida—watu wa kale wanaandika nini? Nilikaa na kijiti mkononi kama mjinga. Mwishowe nikachora nilichokuwa nakiona mbele yangu: ratiba ya kuosha vyombo iliyobandikwa mlango wa jikoni. Vitone saba, siku saba. Duara lenye mikono miwili, sufuria. Mistari ya mawimbi, maji. Mtu mwenye misuko mirefu, huyo ni Dada, zamu yake Jumatatu na Jumatano, na siku zote anakwepa. Mtu mdogo asiye na mdomo, mimi.

Nilicheka peke yangu mpaka Dada akauliza kulikoni. Nikasema hakuna. Akasema mtu anayecheka na matope apelekwe hospitali.


Jumamosi, 8 Juni

Kimechomwa! Nilikisukuma katikati ya matofali ya Baba kabla hajafunga mdomo wa tanuri, wala hakuniona. Leo kilipotoka bado moto, nikafanya ile kazi aliyonifundisha ya vyungu vya maua: unakifukia kwenye maranda ya mbao papo hapo, unafunika, unakiacha kinywe moshi. Kimetoka cheusi ti, kinang'aa kama kimepakwa mafuta. Nikavunja pembe moja kwa nyundo. Nikakisugua kwa mchanga.

Hakika nina kipaji cha uovu.


Jumatatu, 10 Juni

Mapumziko ya saa nne. Mafundi wa choo wamekwenda kunywa chai. Nikakidumbukiza kwenye rundo la udongo, nikaacha pembe inachungulia.

Kipindi cha nne Piramidi hakutokea darasani. Akaja kipindi cha tano, suruali ina udongo mpaka magotini, kibao amekikumbatia kama mtoto mchanga. Akakiweka mezani, akakaa. Macho yana maji!

Hata Redio alinyamaza. Nilitazama saa: dakika mbili nzima. Rekodi.

Nilifurahi jamani. Nilidhani yameishia hapo. Mzee atafurahi, darasa litaacha kumcheka, mwisho wa hadithi.


Jumatano, 12 Juni

Hadithi haijaisha.

Piramidi amekisoma kibao. Ubao mzima umejaa. Vitone saba: sayari. Mawimbi: mto uliokauka, ambao hakuna ramani inayouonyesha. Sufuria: "chombo cha kupitishia nguvu ambayo bado hatujaitambua." Dada: malkia, na pia kuhani, na pia mnajimu. (Ningemweleza Dada angekubali bila kuuliza swali.)

Na mtu asiye na mdomo? Hapo Piramidi aliweka chaki chini. Akasema huyu ndiye aliyekuwa anatunza siri yao.

Nilijifanya nimeangusha kalamu. Nikabaki chini ya dawati kuitafuta.

Kisha akagusa ule weusi wake. Akasema tazameni huu mng'ao, si rangi, ni moto, moto wenye elimu. Siri ya moto huu imepotea duniani milele!

Imepotea? Iko kwetu, mwalimu. Pembeni ya banda la kuku.


Alhamisi, 13 Juni

Mambo yameharibika. Niandike yote yalivyo, maana hapa tu ndipo ninaposema.

Piramidi amewaita watu wa makumbusho. Mtaalamu anakuja Jumamosi. Wazazi wamealikwa, viti vinakodishwa, kibao kitafunuliwa kutoka chini ya kitambaa!

Redio alikuwa amepeleka madaftari ofisini, na Redio akipeleka madaftari hurudi na taarifa ya habari. Anasema Mwalimu Mkuu alimwambia Piramidi hivi: mwenzangu, nimekuvumilia na mawe yako yanayopaa. Jumamosi tukichekwa mbele ya wazazi, historia anachukua mtu mwingine. Wewe utafundisha mazoezi ya viungo.

Piramidi! Mazoezi ya viungo! Mtu anayepumzika katikati ya ngazi sita!

Redio alicheka. Mimi nilikwenda chooni—kile cha zamani—nikakaa humo kipindi kizima. Miaka ishirini anafundisha historia. Nimemharibia kwa ratiba ya vyombo.

Niliamua kumwambia. Nikaandika barua kwa Kiingereza, kwa sababu kwa Kiingereza inakuwa kama aliyekosa ni mtu mwingine. Nikaichana. Nikaandika kwa Kiswahili. Ikawa mimi kabisa. Nikaichana hiyo nayo. Nikamfuata kwenye korido.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba, binti yangu."

"Mwalimu, kile kibao..."

"Najua!" akanishika bega. "Na mimi sijalala! Hivi baba yako si fundi wa matofali? Mtaalamu anataka mtu anayejua udongo na moto, akitazame naye. Mwambie Jumamosi aje. Atakuja?"

Sasa tazama nilivyo mpumbavu.

Nilitikisa kichwa kukubali.


Ijumaa, 14 Juni

Baba amefurahi! Hajawahi kukanyaga shule yetu, husema mikono yake itachafua kalamu za watu. Leo amepiga pasi shati mwenyewe. Amemwambia Dada, "Unaona? Wasomi wamekwama, wanamwita mtu wa matope." Akajitazama kwenye kioo cha kabati. Ubavu, mbele, ubavu.

Lakini hiyo siyo habari. Habari ni hii.

Piramidi amepiga picha ya kibao, ameikuza, ameibandika ukutani ukumbini, kubwa kama mlango. Tulipelekwa kuiona. Akaonyesha pembe ya chini kwa fimbo: na hapa, wanangu, pana muhuri. Muhuri wa mfalme!

Shimo dogo la mviringo. Ndani yake, mkwaruzo kama mwezi mwandamo.

Nikatazama ukuta. Nikatazama kidole gumba changu. Nikakiingiza ndani ya mkono wa sweta, na bado kimo humo, naandika kwa shida.

Uwanjani kwetu kila anayefyatua anatia alama yake kwenye pembe, udongo ukiwa mbichi. Baba, gumba lake tupu. Dada, vidole viwili. Mimi, gumba na mkwaruzo wa kucha. Tofali likipasuka tanurini Baba hafoki. Analigeuza, anapapasa pembe, analinyanyua juu anauliza: "La nani hili?" Hata kama anajua! Na mwenye nalo lazima aitike kwa sauti, popote alipo: "Langu!" Ndiyo sheria. Hakuna kipigo wala matusi. Ila usipoitika, Baba hasemi na wewe mpaka uitike. Dada aliwahi kukaa siku nne.

Nimetia alama bila kujua. Mkono wenyewe umetia. Nimevunja pembe ya juu ili kionekane cha kale, ya chini nikaiacha na sahihi yangu!

Mwizi gani anaacha kitambulisho?


Jumamosi, 15 Juni

Asubuhi. Nimejaribu kuumwa tumbo. Dada kanigusa paji la uso, akasema uongo hauna homa, vaa.

Njiani tulikuwa wawili tu, mimi na Baba. Nilihesabu nguzo za umeme. Nikifika ya kumi nitamwambia. Ya kumi ikapita. Ya ishirini. Baba anapiga mluzi na kunyoosha kola. Akasema, "Mama, leo utajivunia baba yako." Nguzo zikaisha.


Jumamosi hiyo hiyo, ukumbini

Naandika hapa hapa, daftari liko mapajani, safu ya mwisho. Redio anadhani naandika ripoti ya klabu ya historia. Ananiambia andika pia kwamba soda ni za moto.

Ukumbi umejaa. Mwalimu Mkuu mbele, mikono kifuani. Piramidi kavaa tai. Sijawahi kumwona na tai. Ameongea vizuri! Hajapaisha hata jiwe moja. Alisema tu kwamba watu wa kale hawakuwa wajinga, na kwamba elimu haipotei kwa mafuriko wala kwa moto, inapotea pale mtu anayeijua anapochekwa mpaka akanyamaza. Wazazi wakapiga makofi. Mimi nikatazama viatu vyangu.

Kitambaa kimefunuliwa. Mtaalamu ni mama mmoja mwembamba, miwani kwenye kamba. Amekitazama kibao kwa kioo cha kukuzia. Amekinusa! Kisha akasema kwa adabu sana kwamba hajawahi kuona maandishi ya namna hii popote. Piramidi akafurahi. Nadhani hakupaswa kufurahi.

Sasa mama wa makumbusho anauliza: fundi wa udongo yuko wapi?

Baba anasimama. Anapita katikati ya viti, pole shemeji, samahani dada, shati linang'aa. Anapewa kibao kwa mikono miwili. Anakipima uzito. Anakigonga kwa ukucha, anasikiliza. Anatabasamu—anajua huo mlio.

Mama wa makumbusho: "Unasemaje fundi?"

Baba: "Aliyetengeneza hiki anajua kazi. Udongo umekandwa, hauna hata punje ya hewa. Na huu moshi... huu moshi haufundishwi popote." Ukumbi mzima mmm! Piramidi anafuta macho kwa ile leso. Ile ile.

Baba anakigeuza.

Anapapasa pembe.

Nimeona kidole chake kinaingia kwenye lile shimo na kugoma. Gumba lake kubwa. Shimo ni dogo. Tabasamu limebaki usoni lakini mwenyewe ametoka.

Hatazami kibao tena. Anatazama safu ya kwanza. Ya pili. Anakuja taratibu, safu kwa safu, kama anavyopita kwenye matofali yaliyopangwa. Redio ananigonga kiwiko: mbona baba yako anatafuta kitu?

Amenifikia.

Hajakunja uso. Hajanionyesha kidole. Angeweza kusema kimya kimya sikioni mwa yule mama na mimi nisingejulikana. Angeweza kusema ni cha kale, na Piramidi angebaki na historia yake. Naona anafikiri yote mawili, namjua Baba akifikiri, taya linasogea.

Piramidi ananitazama pia sasa, kwa sababu Baba ananitazama. Bado anacheka kwa furaha.

Baba amenyanyua kibao juu. Juu kabisa, kama uwanjani.

"La nani hili?"

Kwake kila kilichopita motoni ni tofali. Watu wanacheka, wanadhani ni utani. Mwalimu Mkuu anacheka. Piramidi ndiye anajibu, kwa sauti ya mtu aliyesubiri miaka ishirini kuulizwa: "La wajuzi wa kale, fundi!"

Baba hajashusha mkono. Hajageuka. Anasubiri. Atasubiri siku nne, namjua, amesimama vile vile na shati lake la pasi.

Redio ananong'ona: "Kimya, unakwenda wapi?"

Siendi popote. Nimesimama tu. Herufi zinapinda kwa sababu naandika nimesimama, na watu wa safu ya mbele wanaanza kugeuka, mmoja mmoja, na gumba langu limeshatoka kwenye sweta, na mdomo umefunguka—