Meli ya Baba Mkwe, na Mimi Nyuma ya Mlango

Jumatatu, 2 Juni 2025

Boksi limefika na basi la Dar! Mume wangu Prosper kamtumia baba yake meli ya mizigo, ya rimoti, ya kuunganisha mwenyewe. Vipande kibao, vingine kama punje za ulezi. Mama mkwe anasema Baba kalia machozi hapo hapo sebuleni. Mimi sikuona. Nilikuwa jikoni — mkamwana hakai chumba kimoja na baba mkwe, hamtazami usoni, na jina lake hata humu siliandiki. Hapa kijijini Lupepo ndivyo ilivyo. Miaka minne, nimezoea. Lakini jamani, mimi ni fundi simu! Meli iko kule, mimi niko na sufuria. Roho inaniuma.

Alhamisi, 5 Juni

Baba anagundisha kwa kukisia. Kitabu cha maelekezo kakikalia! Nimechungulia mlangoni — usukani kauweka mbele. Nikashindwa kuvumilia. Nikamfokea kuku aliyekuwa kizingitini: we kuku, usukani unakaa nyuma ya propela! Halafu nasikia kisu kinakwangua gundi. Baadaye Baba naye kamuuliza kuku, eti mota inaingia wapi? Nikajibu kwa niaba yake.

Jumapili, 8 Juni

Balaa. Baada ya ibada Mzee Ackson, mwenye bwawa la samaki, kasema mbele za watu kwamba Baba, na majigambo yake yote, hajawahi kuwa baharia hata siku moja. Pale bandari ya Itungi, ziwani, alikuwa anabeba magunia tu, basi. Baba kapandwa na hasira: Jumamosi meli yangu itavuka bwawa lako la perege, na ndizi juu! Wamama wa kwaya vigelegele. Mchana hakugusa chakula. Namhurumia. Mikono yenyewe siku hizi inatetemeka. Akiaibika Jumamosi, huyu mzee hatatoka tena nje.

Jumatano, 11 Juni

Tunapishana kama walinzi. Akienda shambani naingia, akikohoa uani natoka mbio. Leo nimejaribu mota — propela inazunguka kinyume! Nikabadilisha waya, nyekundu huku, nyeusi kule. Safi kabisa. Nikaweka na vijiwe chini isije ikayumba. Kumwambia Baba? Kuku mwenyewe hakuwepo.

Ijumaa, 13 Juni

Imekamilika. Inapendeza!

Jumamosi, 14 Juni

Naandika kwenye simu, nimechuchumaa migombani kwa Mzee Ackson. Baba yuko ukingoni, hivyo siwezi kusogea. Watu wamejaa. Hata bodaboda wa Isongole wamesimama kuangalia.

Njiani Mama kanimwagia habari: Baba naye aliona mapema kwamba waya zimekosewa. Jana asubuhi akazibadilisha. Bila kujaribu, betri ilikuwa kwenye chaji. Mungu wangu! Nimezigeuza mimi, kazigeuza tena yeye. Nikasema nimwahi — wapi, meli iko majini tayari, ndizi mbili juu.

Baba kasukuma kijiti cha rimoti mbele. Meli ikarudi nyuma. Kasukuma zaidi. Ikarudi zaidi, matako mbele, hadi kwenye matete! Ackson anacheka mpaka kashika mti. Anauliza, mizigo ya Itungi ilikuwa inakwenda hivi?

Dawa ni ndogo tu. Avute kijiti kuelekea kwake, meli itakuja mbele. Basi! Lakini Mama kazunguka ng'ambo na kwaya, namwonyesha kwa mikono, na yeye ananipungia. Anadhani namsalimia! Na Baba anazidi kusukuma, kofia imedondoka. Nalia huku migombani, sitanii.

Sasa kaacha. Kaweka rimoti juu ya kisiki, kageuka, kaipa mgongo migomba. Yaani kanipa mgongo mimi, tusionane uso kwa uso. Kumbe alijua nipo! Kamwambia Ackson, polepole, mimi nimesikia: hii meli ina fundi, na fundi si mimi.

Ackson anauliza ni nani. Mimi siendi. Nikienda nimemvunjia heshima mbele ya Lupepo nzima. Nisipoenda —

Kaita! Bila kugeuka. "Mkamwana, betri inaisha!"

Miaka minne hajawahi kuniita. Nimeshajibu, kwa sauti, kabla sijafikiri: nakuja, Baba! Vichwa vyote vimegeukia migomba. Mama kaziba mdomo. Natafuta kanga ya kujifunika uso na simu naizima, naenda kuishika rimoti.