Baruti Inayojaza Ganda

Alhamisi, 1 Mei

Dai langu ni hili, nami nitalitetea mbele ya yeyote: kwa bastola inayopigwa kwa risasi za kusubu, baruti bora ni ile inayojaza ganda. Si ile kali, ambayo chembe chache zinatosha na ganda linabaki pango. Ganda la bastola zetu, la kipenyo kiitwacho thelathini na nane, lilibuniwa enzi za baruti nyeusi yenye moshi, iliyohitaji nafasi kubwa. Baruti ya leo ina nguvu zaidi. Nafasi imebaki ileile, na ajali hukaa katika nafasi hiyo. Ukimimina mara mbili kwa kusahau, ganda hupokea bila kunung'unika. Baruti ya kujaza ingemwagika mezani, hata mpumbavu angeona.

Mjomba Bakari hakubali. Anasema baruti kali inapimika vizuri, haichafui mtutu, na kopo moja linadumu. Yote ni kweli. Ndiyo maana naudhika.

Klabu yetu ya shabaha itaagiza baruti kwa pamoja mwezi huu, aina moja tu, kwa kuwa maduka yamekaukiwa. Wanachama watapiga kura mkutanoni. Nimeanza kuandika hoja zangu wakati wa chakula cha mchana, hapa kwenye kiwanda cha rangi, Smithfield, Sydney, baina ya sampuli mbili. Shahada ya kemia lazima ifae kwa jambo fulani.

Jumamosi, 3 Mei

Merrylands, gereji ya Mjomba. Baridi imeanza kuuma. Tuliyeyusha vizani vya madini ya risasi vya kusawazisha magurudumu, tulivyopewa na fundi matairi, tukasubu risasi, tukaziacha zipoe juu ya taulo kuukuu. Za juma lililopita zilikuwa tayari, basi tukazishindilia kwenye maganda kwa ajili ya mashindano ya Jumapili ya tarehe 11.

Utaratibu wetu ni uleule tangu anifundishe. Maganda husimama kwenye kibao chenye matundu. Mjomba anamimina baruti, ganda moja baada ya jingine. Mimi naangaza tochi ndani ya kila moja, kisha naketisha risasi mdomoni mwake. Yeye mkono, mimi jicho. Leo tulitumia ile kali yake. Gereji ni yake. Nilinyamaza, jambo lisilo desturi yangu.

Katikati ya kibao akaingia Bi Mwanaidi na bakuli la vitumbua. Ni mtu wa Tanga kama sisi, amempita Mjomba kwa miaka mingi, na hapa Sydney ndiye aliyebaki wa kuitwa mama na kila mtu. Tulisimama wote wawili. Shikamoo. Marahaba, wanangu. Kisha habari za nyumbani, za mama, za miguu yake, za mvua ya Tanga.

"Mwapika nini humu, mbona kwanuka hivi?"

"Risasi, Bi."

"Risasi! Na wali wa harusi utapikwa lini?"

Mjomba alicheka mpaka akafuta macho. Akakaa, akaendelea kumimina. Bi Mwanaidi akavuta kigoda, akaketi ubavuni pangu, akanisimulia kwa kirefu juu ya binti wa shoga yake aliyeko Ingleburn, mtaa wangu mwenyewe, ati mbona sijakwenda kumwona bado.

Tulimaliza. Vitumbua vilikuwa vitamu.

Jumapili, 4 Mei

Kuna kitu kinanikwaruza.

Mzee anaposema nawe humpi kisogo. Humtupii jibu huku macho yako yakiwa kwingine. Hilo nililijua kabla sijajua kusoma. Basi Bi Mwanaidi aliposimulia, mimi nilimtazama. Mikono yangu ikaendelea kuketisha risasi.

Tochi ilikuwa wapi? Najiona nimeishika. Kisha najiona nimeiweka kando ya bakuli. Picha zote mbili ni safi kabisa, na haziwezi kuwa kweli kwa pamoja.

Na Mjomba je? Alisimama akiwa amefika ganda lipi? Aliporudi alianzia lipi?

Jumanne, 6 Mei

Nilipitia Merrylands baada ya kazi. Nikamwambia Mjomba nataka kupima uzito wa risasi zilizokamilika, kwa ajili ya utafiti wangu. Alinipa boksi na mizani, akaenda kuswali.

Fikra yangu: iliyopata baruti maradufu itakuwa nzito kuliko wenzake. Mantiki safi. Haikufaa kitu. Risasi za kusubu hazilingani, moja ina povu la hewa ndani, nyingine imejaa. Maganda nayo ni ya viwanda mbalimbali. Tofauti zao zinaimeza baruti mara kadhaa. Mizani ilinipa namba nzuri zisizosema lolote.

Na hii ndiyo hila ya baruti kali. Ni kidogo mno hata haiwezi kutoa ushahidi dhidi yake yenyewe.

Nikarudisha boksi. Sikusema neno. Mimi, ambaye chuoni nilimkatiza profesa katikati ya sentensi.

Alhamisi, 8 Mei

Usingizi mbaya. Nimekosea vipimo vya rangi mara mbili.

Nilimweleza Otieno, Mkenya ninayeishi naye, muuguzi. Alikuwa anakaanga mayai kabla ya kwenda zamu.

"Sasa wewe msomi, si umwambie tu?"

Nikamweleza kwamba si jambo la kusema tu. Ni kumwambia mtu aliyeshika chuma na moto maisha yake yote kwamba mkono wake haukumbuki. Tena ni mjomba, binamu wa mama, aliyenipokea uwanja wa ndege na kunidhamini klabuni.

"Wacha nikuambie," akasema, akigeuza yai. "Mkono ukipasuka huletwa kwetu. Nimeshika mikono kama hiyo. Heshima haishoni kitu."

Namchukia kwa kusema kweli kwa maneno machache hivyo.

Jumamosi, 10 Mei

Nilikwenda. Nilisema. Hapana. Nilidhani nimesema.

Nilianza na ganda la thelathini na nane na historia yake. Nikaeleza ujazo, mgandamizo, namna shinikizo linavyopanda ganda linapopokea kipimo maradufu. Nikaeleza kwamba binadamu husahau, na kwamba chombo kizuri ni kile kinachomtarajia msahaulifu. Nilisema kwa mfano: tuseme mgeni ameingia. Nilikuwa fasaha. Sijawahi kuwa fasaha hivyo.

Mjomba alikuwa anafuta bastola yake kwa kitambaa cha kanzu kuukuu. "Umeanza tena," akasema. "Haya, mheshimiwa, hoja nimezisikia. Zipeleke mkutanoni, nitakujibu huko mbele ya watu." Akacheka. Akanipa chai ya tangawizi.

Ilikuwa nafasi yangu ya kusema: Mjomba, Bi Mwanaidi alipoingia mimi sikutazama. Maneno machache, hata mtoto angeyasema. Nikasema chai ni tamu.

Boksi lilikuwa kwenye mkoba wake tayari.

Jumapili, 11 Mei

Nitaandika kama ilivyokuwa.

Mjomba alinichukua asubuhi kwa gari lake. Njia nzima alisimulia mashindano ya zamani. Nilitazama vidole vyake juu ya usukani. Vyote vipo.

Uwanjani tulisajiliwa. Yeye akapangwa kundi la kwanza, mimi la pili. Akapanga vifaa vyake kwa utulivu wake ule: kitambaa, miwani, boksi. Akajaza bastola. Msimamizi wa uwanja, Mwaustralia mnene wa sauti ya upole, akauliza kama wapigaji wako tayari. Mjomba akainua mkono.

Sheria ya uwanja ni kwamba mtu yeyote akiona hatari, hata mtazamaji, ana haki ya kusimamisha wote. Nilikuwa nimeisoma. Sikujua kwamba ninayo sauti hiyo. Nilipiga kelele kwa Kiingereza: simamisheni. Kisha tena. Bastola zote zikawekwa chini. Ndege wale weupe wenye kishungi walilia juu ya miti kama wananizomea.

Msimamizi akauliza kuna nini. Nikanyoosha kidole. Nilimnyooshea mjomba wangu kidole, mbele ya klabu nzima. Nikasema risasi za huyu bwana si salama.

Hakubisha. Alitoa risasi bastolani moja moja, akazirudisha boksini, akakunja kitambaa mara nne. Uso wake sikuutambua. Hakuwa na hasira. Alikuwa kama mtu aliyeitwa kwa jina lisilo lake.

Kurudi tulirudi kwa gari lilelile. Ningependa kuandika kwamba nilijieleza. Yeye ndiye aliyeanza, karibu na nyumbani.

"Ungeniambia gerejini," akasema.

"Nilikuambia, Mjomba. Jana."

"Jana ulinihutubia. Hukuniambia."

Jumatatu, 12 Mei

Nilimwomba bosi ruhusa, nikaenda Merrylands mchana. Mjomba alikuwa ameshaanza kuzifungua risasi zile. Kuna kifaa kama nyundo: unafunga ganda na risasi yake ndani, unagonga sakafu, risasi inachomoka na baruti inabaki kwenye kikombe. Akagonga yeye, nikapima mimi. Safari hii nilimweleza kila kitu kuhusu tochi, bila nadharia. Aliitikia kwa kichwa na kuendelea kugonga.

Kipimo sahihi. Sahihi. Sahihi. Nilianza kutamani, Mungu anisamehe, kwamba tulikute lile lenye baruti maradufu. Nilitamani hatari iwe kweli ili aibu yangu ipate mahali pa kukaa.

Hatukulikuta.

Tulikuta jingine. Aligonga, risasi ikatoka, kikombe kikabaki kikavu. Akageuza ganda, akalipiga kiganjani. Hakuna hata chembe. Lilikuwa tupu.

Sikuhitaji kufunguliwa kitabu. Ganda tupu likipigwa, kiwashio cha kitakoni peke yake huisukuma risasi mpaka katikati ya mtutu, nayo hukwama hapo. Mlio huwa hafifu. Mpigaji mwenye haraka ya mashindano huvuta tena, na risasi ya pili hukuta njia imezibwa. Hapo mtutu hupasuka, chuma kikijitafutia mlango.

Mjomba aliliweka ganda lile mezani, wima.

"Hiyo baruti yako ya kujaza," akasema, "ingeingia yenyewe humu?"

Niliandika sifuri kwenye orodha ya vipimo.

"Mkono uliruka. Mkono wangu. Jicho halikuwepo. Jicho lako. Sasa kopo lina kosa gani?"

Miye, sikuwa na jibu.

Jumatano, 14 Mei

Jibu lilinijia leo nikiwa ninachuja rangi. Limechelewa, lakini ni zuri.

Baruti kali ikiwa chini kabisa ya ganda refu, ganda lililojazwa na ganda tupu yanafanana: mashimo meusi yote mawili. Ni lazima uinamie na kuangaza. Baruti ya kujaza hupanda karibu na mdomo. Kibao kizima huonekana kama safu ya vikombe vya uji. Kimoja kikiwa kitupu, jicho hulikuta shimo hata likiwa linapita tu, hata likiwa njiani kuelekea kwa Bi Mwanaidi. Dai langu limepungua, halijafa. Hapo mwanzo nilisema baruti ya kujaza hulinda wapumbavu. Si hivyo. Huwalinda watu wenye adabu, wale ambao hawawezi kubaki wameketi mgeni anapoingia. Baruti ichaguliwe kwa kuwafuata watu walivyo.

Nimeandika ukurasa mmoja kwa Kiingereza kwa ajili ya ubao wa klabu. Hoja iko chini. Juu nimeandika kwamba kazi ya kutazama ilikuwa yangu, na sikutazama. Sentensi ile ilinichukua jioni nzima. Otieno aliisoma, akasema, "Sasa hii ndiyo ya maana. Hayo mengine ni homework."

Bado naona hoja ni nzuri.

Jumamosi, 17 Mei

Ukurasa umebandikwa klabuni tangu asubuhi. Mjomba aliusoma akiwa amesimama, miwani ikiwa juu ya paji la uso kisha puani. Watu watatu walikuwa nyuma yake. "Umeandika vizuri," akasema. Kisha: "Twende, tuna kazi."

Gerejini nilikuta ametia komeo jipya kwa ndani. Hakulieleza. Tulifanya kazi kwa baruti ileile kali, kwa kuwa ndiyo iliyopo. Akimimina, naangaza. Tulipofika katikati mlango ukagongwa.

"Shikamoo, Bi!" Mjomba akaita, hakuinua kichwa. "Tuvumilie, twamalizia kibao!"

"Marahaba! Lo, yaani nasimamishwa nje kama muuza samaki!"

Aliendelea kumimina. Masikio yake yaliwaka. Najua kilimgharimu nini kumwacha mzee huyo kwenye baridi. Tulimaliza, tukatazama pamoja, kisha akafungua na kumwomba radhi mpaka Bi mwenyewe akamwambia basi.

Jioni ilikuwa tulivu. Tulikula. Aliniwekea kipande kikubwa cha samaki kama zamani. Hakuna aliyeitaja Jumapili ile.

Na hilo ndilo linaloniweka macho. Amenisamehe kwa samaki. Klabuni wamekwisha kumpa pole kwa kuwa na mpwa kama mimi, naye ametabasamu. Kopo hakulitetea, wala mkono wake, wala hakunikemea. Nilimnyooshea kidole hadharani, naye ananijibu kwa chai, faraghani, pasipo shahidi.

Sikubali. Komeo si jibu. Mkutano wa wanachama ni Jumamosi ijayo. Uliniahidi kwa kinywa chako, Mjomba, kitambaa kikiwa mkononi. Simama pale. Sema kwa nini bado unaichagua baruti kali, sema kwamba nimekosea kama nimekosea, sema nilichokufanyia. Nijibu mbele ya wote walionisikia nikipiga kelele.