Kipande Chenye Sukari

Kopenhagen, 2 Septemba 1996

Mdogo wangu Asger,

Salamu nyingi kwako na kwa wifi Solvej. Jino lako limepoa? Mimi goti bado linanisumbua, hasa kwenye ngazi, lakini napumua, nashukuru.

Niende kwenye jambo lenyewe. Wale Wajerumani wa Bremen wameleta barua ofisini kwangu badala ya kukuletea wewe; nadhani wamesikia kwamba kazi yangu ni kuthamini kampuni za watu. Wanataka kuunganisha kiwanda chetu cha brashi na chao. Kusema kweli si kuunganisha, ni kununua. Kuunganisha ni neno la kuwapa watu wa magazeti. Wanatoa krone milioni thelathini kwa kiwanda chote. Nusu hawaitaki. Na kwa kuwa nusu ni yako na nusu ni yangu, wanataka saini zetu mbili kabla ya tarehe thelathini Novemba.

Mimi nataka kuuza. Nina miaka hamsini na tisa, nimechoka, na bei ya namna hii haiji mara mbili. Nijibu kwa barua, si kwa simu. Kwenye simu unapiga kelele.

Dada yako,
Gudrun

Assens, 9 Septemba

Dada Gudrun,

Jino wameling'oa, ahsante. Kilichobaki kuniuma sasa ni barua yako.

Sisaini. Wewe uliondoka hapa na sanduku moja, ukiwa na miaka ishirini na miwili. Mimi nikabaki na baba, na harufu ya gundi, na watu thelathini na wanane ambao nawajua hadi majina ya mbwa wao. Hao wa Bremen watang'oa mashine wazipeleke kwao, watabakiza jina letu kwenye pakiti, basi. Nimemwambia Valborg, yule anayefunga manyoya ya brashi kwa mkono tangu enzi za baba. Akasema, "Mwambie Gudrun mimi siuziki, tarehe yangu imeshapita." Kiwanda kizima kikacheka. Mimi sikucheka.

Waambie hao rafiki zako: ndugu wakigombana, shika jembe ukalime. Haya ni yetu.

Goti lipake siki. Solvej anakusalimu, ingawa amenuna.

Mdogo wako,
Asger

Kopenhagen, 16 Septemba

Mdogo wangu,

Siki nimepaka. Nanuka kama samaki wa kopo, na goti ni lilelile.

Ngoja nikueleze kama ninavyowaeleza wateja, maana wewe unaongea kwa moyo mtupu. Kampuni hupimwa kwa njia tatu. Kwanza, ukiuza kila mashine na kila tofali, utapata nini? Kwetu, milioni kumi na moja. Pili, faida ya miaka ijayo ina thamani gani leo? Kumi na nane, tena ukiwa na bahati. Tatu, wenzetu wenye viwanda kama hiki waliuza kwa ngapi? Ishirini. Bremen wanatoa thelathini kwa sababu ya zile brashi za kusugulia matangi ya maziwa. Wenye viwanda vya maziwa hawataki jina jingine ila letu, kwa hiyo wanachonunua ni jina. Watu hawamo, Asger. Kwenye vitabu mtu huandikwa upande wa gharama. Sikutunga mimi.

Na nikuambie lililonikaa rohoni. Miaka kumi na saba tangu baba afariki sijapata gawio hata krone moja. Kila mwaka ni mashine mpya, au paa jipya. Nilinyamaza. Sasa nasema, inaniuma.

Tukishindwana kabisa, kipo kile kifungu cha kumi na moja alichokiandika baba kwenye mkataba wa kiwanda, cha kukata keki. Mmoja anataja bei ya nusu. Mwenzake ana siku thelathini za kuchagua: anunue au auze, kwa bei hiyohiyo. Asipojibu, mambo yanabaki yalivyo, na hakuna kukata tena kwa miaka mitano. Nakuomba usikiguse. Kifungu hicho ni cha mwenye pesa, na wewe huna.

Watakapokuja kukagua, usiropoke. Wakitaja bei, nyamaza. Kwenye mazungumzo ya bei, anayevumilia kimya ndiye anayeshinda.

Dada yako,
Gudrun

Assens, 4 Oktoba

Dada Gudrun,

Hujambo? Huku tumeanza kuwasha moto ndani, na Solvej anakohoa kidogo.

Walikuja, watatu. Siku mbili nzima wamefungua kila droo. Mama mmoja kati yao akamwuliza Valborg kufunga brashi moja kunachukua muda gani. Valborg akamjibu, "Miaka arobaini na mmoja." Yule mama akaandika! Baadaye wakaitaja tena ile thelathini yao, nami nikanyamaza kama ulivyonifundisha. Nilivumilia kama dakika mbili hivi, nikawauliza kama wanataka kahawa.

Kuhusu gawio, nimeisoma ile sehemu mara nyingi. Sina cha kujitetea. Nilidhani hujali, kumbe ni mimi sikuwahi kuuliza. Nisamehe.

Nimekwenda benki. Watanipa milioni tisa, na nyumba nayo iwe rehani. Sasa, nikitaja tisa itakuwaje?

Mdogo wako,
Asger

Kopenhagen, 11 Oktoba

Mdogo wangu,

Mpe wifi pole ya kikohozi.

Ama kweli! Umekwenda kumwuliza mtu aliyekaa upande wa pili wa meza. Mwanamume wa miaka hamsini na mitatu! Haya, sikiliza. Ukitaja tisa, nitainunua nusu yako kwa tisa, kesho yake nawauzia Bremen kiwanda chote kwa thelathini, na wewe unabaki ukitoa macho.

Hapa nakuonya kama dada. Barua rasmi ikishafika nitachagua kwa kichwa, maana hiyo ndiyo kazi niliyoifanya maisha yangu yote. Usije ukasema sikukuambia.

Dada yako,
Gudrun

Assens, 28 Oktoba, kwa rejista

Dada Gudrun,

U hali gani? Mimi sijambo. Jana nililala usingizi wa maana kwa mara ya kwanza tangu Septemba.

Hii ndiyo barua ya kifungu cha kumi na moja. Nakata. Bei ya nusu ni milioni kumi na tano. Siwezi kuilipa, na unajua siwezi. Kwa hiyo nunua, wauzie Bremen, kila mmoja wetu atabaki na kumi na tano zake. Umesubiri miaka kumi na saba, una haki yako.

Nina jambo la kuungama pia. Unazikumbuka zile brunsviger za siku za kuzaliwa? Mama alisema mdogo akate, mkubwa achague. Sasa, keki ile sukari yake haikai sawa, hutuama kwenye mashimo. Nilikuwa nakata kipande kikubwa kikavu, na kidogo chenye mashimo yote. Wewe kila mwaka ulichukua kikubwa, nami nikajiona mjanja kuliko watu wote wa kisiwa chetu cha Fyn. Nimekula sukari yako mpaka ulipoondoka nyumbani. Safari hii nimepitisha kisu katikati ya sukari.

Valborg nimemweleza. Alirudi kwenye meza yake akaendelea kufunga manyoya. Heri angenitukana.

Mdogo wako,
Asger

Assens, 14 Novemba

Dada,

Leo ni siku ya kumi na saba. Kama ni kuvumilia kimya, umeshinda, basi sema! Tarishi wa posta akitokea getini, mashine zote zinazimwa. Wanasema kimya kingi kina mshindo mkuu, na mimi masikio yameshaanza kuniuma hata kabla ya huo mshindo.

Goti vipi?

Mdogo wako,
Asger

Assens, 28 Novemba

Dada Gudrun,

Natumaini u mzima. Solvej amepona kikohozi.

Jana ilikuwa siku ya thelathini. Nilisimama getini tangu saa mbili asubuhi. Tarishi akaleta bili ya umeme na katalogi ya rangi. Nikamwuliza mara mbili. Mara ya pili akanifungulia mkoba nione mwenyewe. Valborg alikuwa nyuma yangu, koti ameshavaa, na kikombe chake cha kahawa amekitia mfukoni tayari kwenda nacho nyumbani. "Hakuna?" "Hakuna." Akavua koti, akarudi kazini.

Mimi sikuweza kufurahi. Nimepiga simu ofisini kwako, wakasema umekwenda kula chakula cha mchana kama kawaida. Wewe hujawahi kusahau tarehe maishani mwako. Kwa hiyo naona barua imepotea njiani. Kama uliandika, niambie ulichagua nini, na nitaiheshimu kana kwamba imefika. Sitajificha nyuma ya posta, dada. Wakili wangu anasema mimi ni mjinga. Solvej anasema nikuandikie.

Ulichagua nini?

Mdogo wako,
Asger

Kopenhagen, 1 Desemba

Mdogo wangu Asger,

Sijambo. Siki haisaidii kitu, usimshauri mtu mwingine.

Hakuna barua iliyopotea. Niliandika mbili, ya kununua na ya kuuza, nikaziweka mezani siku ishirini na tisa. Kwa hesabu, ya kununua ndiyo sahihi, hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angekuambia. Siku ya thelathini nilizichana zote, nikaenda kazini. Hiyo uliyoikosa ndiyo barua yangu.

Nimethamini kampuni za watu miaka thelathini na mitatu, na sijaona mtu aliyekata sawa huku anajua atakayeumia ni yeye. Nililia, Asger, tena ofisini, mbele ya watu. Halafu umeniandikia tena, eti utaiheshimu barua ambayo hukuipata. Wakili wako amesema kweli, wewe ni mjinga.

Bremen nimewaandikia kwamba hatuuzi. Wamejibu kwa adabu.

Lakini usidhani nimelainika. Gawio la mwaka huu nalitaka, hata liwe krone mia moja. Na kuanzia Januari nitakuja kila mwezi kukagua vitabu. Ile bili ya paa ni wizi mtupu. Mwambie Valborg akitoe kikombe mfukoni.

Kuhusu keki, nilijua tangu ukiwa na miaka mitano. Ulikuwa unalamba midomo kabla hujashika kisu. Ile sukari hukuniibia, nilikuwa nakupa.

Jumapili ijayo nakuja kwa feri ya asubuhi. Nunua brunsviger nzima, na mtu asiiguse. Safari hii nakata mimi.

Dada yako,
Gudrun